Kamera ndogo ya dijitali kwa mfuko mdogo: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya yanahusu kamera ya mfukoni, ile ambayo lenzi yake haibadilishwi, kwa mtu mwenye kati ya laki moja na laki nane za Tanzania. Msomaji wa Kenya agawanye kwa 20, atakuwa jirani na hesabu ya kwake. Bei zenyewe zinapanda na kushuka, kwa hiyo nimetaja ukubwa wa bajeti tu, si bei za dukani.

Simu yangu inapiga picha safi. Kamera ndogo itaniongezea nini?

Huenda isikuongezee kitu. Kama una simu ya daraja la kati ya miaka ya karibuni, na unachopiga ni chakula, watoto mchana na bidhaa za kuuza Instagram, baki na hela yako. Kamera ndogo nyingi za bei nafuu zina kihisi (kile kipande cha ndani kinachopokea mwanga) cha ukubwa uitwao 1/2.3, yaani kama milimita 6 kwa 4.5. Simu nyingi za leo zina kihisi kikubwa kuliko hicho, halafu zina programu inayopiga picha kadhaa kwa mkupuo na kuziunganisha. Mchana kweupe, kamera ya laki moja haifui dafu mbele ya simu ya laki sita.

Kamera inashinda kwenye zumu na kwenye flashi. Zumu yake ni ya vioo vinavyosogea kweli, wakati simu nyingi za kawaida hukata tu kipande cha picha na kukikuza. Flashi yake ni ya xenon: inawaka kwa nguvu kubwa na kuzima ndani ya sehemu ndogo sana ya sekunde. Taa ya LED ya simu haina nguvu hiyo. Usiku kwenye sendofu, bibi harusi mtarajiwa anapoingia ukumbini akicheza na wasindikizaji wake, xenon inawagandisha wote na nyuso zinaonekana. Simu mahali hapo hutoa mikono isiyo na vidole.

Kuna faida nyingine isiyoandikwa kwenye boksi lolote. Unaweza kumpa mpwa wako wa miaka tisa kamera azunguke nayo shughulini bila kumkabidhi M-Pesa, meseji na picha zako zote.

Nina laki moja na nusu. Ninunue mpya au mtumba?

Mtumba wa kampuni inayojulikana. Hapa sina jibu la kati.

Kwa bajeti hiyo utaletewa kamera "mpya" zenye boksi la kung'aa lililoandikwa 4K, 48MP, 16X. Jina la kampuni hulijui, na ukilitafuta mtandaoni unakuta kamera ileile ikiuzwa kwa majina kumi. Ndani yake kuna kihisi kidogo cha hadhi ya kamera ya kompyuta, na mara nyingi lenzi ya plastiki. Hizo megapikseli 48 zimepatikana kwa programu kuchukua picha ndogo na kuitanua. Hiyo 16X ni kukata na kukuza, kitu ambacho hata simu ya kawaida inakifanya.

Kuitambua si kazi. Iwashe: kama lenzi haitoki nje wala husikii mota ndani, kuwa na shaka. Kisha soma maandishi kwenye pete ya lenzi. Kamera ya kweli ya zumu itaandika urefu wa lenzi na tundu lake, yaani uwazi unaopitisha mwanga. Kwa mfano Canon IXUS 285 HS imeandikwa 4.5–54.0mm na 1:3.6–7.0. Pete iliyoandikwa "HD LENS" na maua basi, irudishe kwenye kabati la kioo.

Mpya za kweli kwa bei ya chini zipo, ila chache. Sony W800 na W830 za mwaka 2014 bado unaweza kuzikuta zimebaki kwenye maduka. Kodak PIXPRO zipo pia, zinazotengenezwa na JK Imaging kwa leseni ya jina la Kodak. Ni kamera halali, za kawaida kabisa.

Uchache huo una sababu. Mwaka 2010 makampuni ya Japani yalisafirisha kamera ndogo zaidi ya milioni 100 duniani. Mwaka 2023 hazikufika milioni 2. Simu zilikula soko la chini lote, na waliobaki wakahamia kutengeneza za gharama. Ndiyo maana kamera nzuri ya bei ndogo leo ni ile iliyotengenezwa kati ya 2008 na 2014 na kukaa kwenye droo ya mtu.

Megapikseli ngapi zinatosha?

Kumi. Picha ya megapikseli 10 unaichapa ukubwa wa A4 pale studio na hakuna atakayelalamika. Kwa WhatsApp ni nyingi mno, maana WhatsApp yenyewe inazipunguza. Muuzaji akianza na "hii ni megapikseli 20", mwulize tundu la lenzi ni ngapi, uone kama mazungumzo yataendelea.

Basi niangalie nini badala yake?

Kihisi na lenzi. Hela ikiwa ndogo, iende huko. Mengine yote, rangi ya bodi, skrini ya kugusa, waifai, tabasamu linalopigwa picha lenyewe, yaje kama yapo.

Kwenye soko la mtumba utakutana na vihisi vya saizi kuu tatu. Cha 1/2.3 nimeshakitaja. Kinachofuata ni 1/1.7, chenye eneo kama mara moja na nusu ya kile cha kwanza. Kisha kuna kinachoitwa cha inchi moja, ambacho kwa rula ni milimita 13.2 kwa 8.8, eneo mara nne ya 1/2.3. Kihisi kikubwa kinakusanya mwanga mwingi zaidi, na mwanga ndio unaoamua kama picha ya ndani ya nyumba saa mbili usiku itakuwa safi au itajaa chembechembe.

Upande wa lenzi, tazama namba iliyo baada ya 1: au f/. Ndogo ni nzuri. Sony W800 inaanzia f/3.2. Sony RX100 ya kwanza inaanzia f/1.8, na tundu hilo linapitisha mwanga mara tatu ya ule wa W800. Changanya na kihisi chake kikubwa, utaelewa kwa nini kamera mbili za kampuni moja, zinazotoshana mfukoni, moja inapiga harusini bila flashi na nyingine inatoa uji.

Angalia pia namba ya mwisho. W800 ukivuta zumu hadi mwisho inaangukia f/6.4. Panasonic LX7 inaanza f/1.4 na hata mwisho wa zumu yake fupi haipiti f/2.3. Hiyo ni lenzi ya kuheshimiwa, na watu wanaipita kwa sababu imeandikwa megapikseli 10.

Halafu upana. Kamera inayoanzia 24 au 28mm (kwa hesabu ya filamu ya 35mm, si zile milimita za kwenye pete) inaingiza familia nzima ukiwa umeegemea ukuta wa sebule. Za zamani zaidi huanzia 35mm, nazo zitakulazimisha kutoka hadi barazani.

Nitajie modeli, maneno yamekuwa mengi.

Kwa laki moja hadi mbili: Canon IXUS zenye herufi HS mwisho wa jina, kwa sababu HS kwenye Canon ina maana ya kihisi cha CMOS kinachostahimili giza kuliko wenzake wa zamani. Kama unapenda kujifunza, tafuta Canon PowerShot A590 IS ya 2008. Ni nene kama kipande cha sabuni ya kufulia, ila unaweka mwenyewe kasi ya shata (muda wa kupokea mwanga) na tundu la lenzi, na ina kidirisha cha kuchungulia. Hicho kidirisha ni mali. Saa saba mchana ufukweni Coco, skrini za kamera nyingi hazionekani kabisa.

Kwa laki tatu hadi nne, mahali ambapo mimi ningeweka hela yangu: Canon S90, S95, S100 au S110, Panasonic LX5 au LX7, Olympus XZ-1, Nikon P330. Zote zina kihisi cha 1/1.7 au kinachokikaribia, zote zinaanzia f/2.0 au chini yake, na zote zinahifadhi picha kwa RAW, yaani picha ghafi ambayo kamera haijaichakata, kwa hiyo picha yenye rangi iliyoharibika unaweza kuinusuru kwenye kompyuta. Ukiniuliza moja, nitasema S95 kwa kuingia mfukoni na LX7 kwa picha.

Kuanzia laki saba ndipo RX100 ya kwanza inapoanza kuwa ya kuzungumzika. Ilitoka 2012 ikiuzwa karibu dola 650 Marekani, na hadi leo ni kamera kamili. Canon G7 X ni ndugu yake wa upande wa pili, ila hiyo imepandishwa bei na TikTok, na nisingeikimbilia kwa sasa.

Kwa nini vijana wanatafuta kamera za CCD, ile aina ya zamani ya kihisi? Zina rangi nzuri zaidi?

Wanatafuta muonekano wa picha za miaka ya 2000: flashi kali usoni, nyuma giza, rangi zilizokolea. Sehemu kubwa ya muonekano huo inatoka kwenye flashi na jinsi kamera za wakati ule zilivyochakata picha, wala siamini kuwa CCD peke yake ndiyo siri. Ukipenda muonekano huo, nunua, ni burudani nzuri. Usilipe zaidi kwa herufi tatu tu.

Lakini kuna onyo kwa watu wa Pwani. Oktoba 2005 Sony ilitangaza kwamba vihisi vyake vya CCD vilivyotengenezwa kati ya Oktoba 2002 na Machi 2004 vinaweza kufa vikikaa kwenye joto na unyevu. Vihisi hivyo vilikuwa ndani ya kamera za makampuni kadhaa, si za Sony pekee. Joto na unyevu ndiyo hali ya hewa ya Dar, Tanga, Zanzibar na Mombasa mwaka mzima. Dalili yake: kamera inawaka, menyu inaonekana, picha za zamani zilizo kwenye kadi zinafunguka vizuri, lakini picha mpya ni nyeusi au ina mistari ya zambarau. Fundi hawezi kukusaidia hapo. Kamera za miaka hiyo zipime kwa kupiga picha, si kwa kuziwasha tu.

Memori kadi yoyote itaingia?

Hapana, na hapa watu wanapoteza hela kuliko mahali pengine popote.

Anza na umbo la tundu la kadi. Kamera za Sony za kabla ya 2010 hutumia Memory Stick, na Olympus na Fujifilm nyingi za zamani hutumia xD. Kadi hizo hazitengenezwi tena kwa wingi, zinazopatikana ni kuukuu, na wakati mwingine kadi inafikia bei ya kamera. Kamera ya elfu sitini inayotumia xD si ya elfu sitini.

Kwa zinazotumia SD ya kawaida, kuna suala la ujazo. Kamera za kabla ya 2006 kwa ujumla haziendi zaidi ya GB 2. Zilizofuata husoma SDHC, yaani GB 4 hadi 32. Kadi za GB 64 na kuendelea ni SDXC, aina iliyokuja 2009, na kamera nyingi za mtumba zitakuandikia "Memory card error" ukiziweka. Nunua GB 16, mwisho 32, uishi kwa amani. Ukishaiweka, ifomati ndani ya kamera yenyewe, usifanye hivyo kwenye simu.

Kadi feki zimejaa. Inaandikwa GB 32, ndani ina 4, na ikifika 4 inaanza kufuta au kuharibu picha bila kukuambia. Kwenye kompyuta ya Windows kuna programu ya bure iitwayo H2testw, inaijaza kadi yote kisha inaisoma upya na kukupa ukweli. Ifanye siku uliyonunua, wakati muuzaji bado anakukumbuka sura.

Za betri za kawaida au za kuchaji?

Kamera za betri za AA, kama hizo Canon A au Kodak FZ45, zinavutia kwa mtu anayesafiri vijijini. Tatizo ni aina ya AA. Zile za bei rahisi za duka la Mangi ni za redio na saa ya ukutani. Kamera itapiga picha chache na kudai zimeisha. Nunua nne za NiMH za kuchaji na chaja yake. Gharama hiyo iingize kwenye hesabu toka mwanzo.

Za lithiamu ni nyepesi na zinadumu zaidi kwa chaji moja, ila kamera ya mwaka 2010 inakuja na betri iliyochoka. Kabla ya kulipa, isome namba ya betri, NB-6L, NP-BX1 au yoyote ile, kisha uhakikishe mpya yake inapatikana. Ikiwa imevimba na haitoki kwenye tundu lake vizuri, usiilazimishe wala usiichaji.

Muuzaji akisema "chaja haipo lakini nakupunguzia", mpunguze kweli. Zipo chaja za kubana zinazokubali betri za aina nyingi, watu wa simu wanazo, nazo zinafaa kwa dharura. Ninachokikataa ni kununua kamera ambayo haijawashwa mbele yangu kwa sababu "betri haina moto". Mtu anayeuza kamera hashindwi kuwa na betri yenye chaji.

Nimefika Kariakoo, kamera iko mkononi. Naipimaje?

Nenda na kadi yako ya SD, karatasi nyeupe na simu yenye tochi. Usiwe na haraka. Muuzaji atakuambia "bosi, hii orijino, imetoka Dubai jana", wewe mwitikie vizuri na uendelee.

Iwashe na kuizima mara kadhaa huku umeiweka karibu na sikio. Lenzi itoke na kurudi kwa sauti moja laini. Ukisikia kama kitu kinasaga, kuna mchanga ndani, na kamera yenye mchanga ina siku zake za kuishi. Vuta zumu hadi mwisho, piga bango la mbali, rudi, piga maandishi ya karibu. Zote mbili ziwe na makali.

Kisha simama wima mbele ya rafu yenye maboksi mengi, piga, halafu kwenye skrini ikuze picha uende pembe moja baada ya nyingine. Kamera iliyodondoka huwa na upande mmoja wenye ukungu huku ule mwingine uko safi. Jambo hili wanunuzi wengi hawalitazami, na ndilo linalotofautisha kamera ya laki tatu na ya kumpa mtoto achezee.

Sasa karatasi nyeupe: vuta zumu hadi mwisho na uipige kwa karibu. Madoa ya kijivu yanayobaki palepale kwenye kila picha ni vumbi lililoingia kwenye kihisi. Moja dogo pembeni unaweza kulivumilia na kulitumia kuombea punguzo. Mulika lenzi kwa tochi kutoka pembeni. Nyuzi nyembamba kama utando wa buibui ni fangasi, hiyo iache. Zima flashi, ziba lenzi kwa kiganja, piga: nukta mbili tatu za rangi si neno, zikiwa kama nyota za Dodoma usiku, hapana.

Malizia na vitu vya kawaida. Flashi mara mbili mfululizo. Video fupi, uisikilize sauti. Kila kitufe, hasa cha shata ukikibonyeza nusu. Mlango wa betri ufunge wenyewe. Ukiona mpira wa bendi umezungushwa, jibu umelipata. Mwishoni ingiza kadi yako mwenyewe na upige picha nayo, maana kamera inaweza kuwa inapiga kwa kumbukumbu yake ya ndani huku tundu la kadi limekufa.

Imeandika "Lens error, restart camera". Ndiyo basi?

Mara nyingi ndiyo basi. Ni mota au gia za lenzi zimekwama, kwa mchanga, kwa kudondoka au kwa kuzuiwa na pochi ikiwa inafunguka. Unaweza kutoa betri, kuipuliza kingo za lenzi kwa pampu ndogo ya mkono na kujaribu tena. Fundi mzuri ataibadilishia lenzi kutoka kamera nyingine iliyokufa, lakini gharama inakaribia bei ya kamera nzima. Kamera inayouzwa na kosa hilo "ndogo tu, fundi anamaliza" ni ya huyo fundi.

Ya kutoka Japani ni bora?

Kwa utunzaji, nyingi ni safi kweli. Shida ni lugha. Kamera nyingi za Sony zilizotengenezwa kwa soko la Japani zina menyu ya Kijapani pekee, na hakuna mpangilio wa kuibadilisha. Za Canon kwa kawaida hubadilika: ukiwa kwenye upande wa kutazama picha, shikilia FUNC/SET kisha bonyeza MENU, orodha ya lugha inatokea hata kama huelewi kilichoandikwa. Hila hiyo iko kwenye modeli nyingi za zamani za IXUS na PowerShot. Ifanye dukani.

Ukiagiza mwenyewe mtandaoni, tangazo la Japani lenye neno "junk" lina maana kitu kinauzwa bila uhakika wowote wa kufanya kazi. Na kumbuka kodi ya ongezeko la thamani, 18% Tanzania Bara na 16% Kenya, juu ya usafirishaji na ada nyingine.

Shemeji yuko Muscat, kaka yuko Ulaya. Nimwagize nani na nini?

Yeyote anayerudi kwanza. Mwandikie jina kamili la modeli, maana kamera moja ina majina tofauti kila bara: IXUS 285 HS ya Ulaya ni ELPH 360 HS ya Marekani na IXY 650 ya Japani, Panasonic TZ70 Marekani ni ZS50. Ukimwambia "nitafutie Canon ndogo nyeusi", atakuletea Canon ndogo nyeusi.

Amwombe muuzaji chaja. Nyuma yake ikiwa imeandikwa 100–240V inafanya kazi hapa. Utahitaji adapta ya plagi tu.

Ninaishi Pwani. Nizuie vipi fangasi?

Fangasi wanapenda unyevu wa juu ya asilimia 60 hivi, giza na kitu kisichoguswa. Pochi ya ngozi ndani ya kabati ndiyo makazi yao bora. Weka kamera kwenye kontena la plastiki la jikoni lenye kifuniko kinachobana, pamoja na vile vipakiti vya silica gel vinavyokuja na viatu, na uvibadilishe vikishanyonya. Usitumie mchele, una unga. Na itumie kamera. Inayotoka kila wiki haipati fangasi kirahisi.

Ukitoka kwenye chumba au gari lenye kiyoyozi, iache ndani ya begi dakika ishirini kabla ya kuitoa nje kwenye joto, la sivyo lenzi itajaa umande.

Tunakwenda Mikumi na shule. Zumu ya 5X inatosha?

Kwa twiga waliosimama kando ya barabara, ndiyo. Kwa simba aliyelala chini ya mti mbali na gari, hapana. Tafuta Panasonic za TZ, Canon za SX au Sony za HX zenye 10X na kuendelea, na ziwe na kizuia mtikisiko. Hapa nakubali kihisi cha 1/2.3, kwa kuwa jua ni kali na mnyama hatakusubiri. Mwombe dereva azime injini kabla hujapiga.

Zile za kuzamia majini je?

Za mtumba usizizamishe. Mipira ya milango inazeeka na hakuna anayejua ilishafunguliwa mara ngapi na vidole vya mchanga. Olympus Tough kuukuu nitaichukua kwa mvua na kwa mtoto, siipeleki Mnemba.

Nataka kuanza biashara ya picha na YouTube. Kamera ndogo itafaa?

Kwa picha za kulipwa, hapana, na sababu ya kwanza si ubora. Mteja wa harusi anataka kuona kamera kubwa. Kwa bei ya RX100 unaweza kupata DSLR ya mtumba, ile kamera kubwa ya kubadilisha lenzi, pamoja na lenzi yake, na utakua nayo.

Kwa video, kamera ndogo nyingi za bei hii hazina tundu la maikrofoni, na za CCD zinaishia kwenye 720p. Simu yako na maikrofoni ya kubana shatini itazishinda. Ukiona video za kamera ya Japani au Marekani zinapepesa chini ya taa za tyubu, ni kwa sababu umeme wetu ni wa mizunguko 50 na kamera inarekodi kwa hesabu ya 60; kama inaruhusu, weka shata 1/50 au 1/100.

Picha zinafikaje kwenye simu?

Nunua kisoma kadi cha USB-C. Simu nyingi za Android zinakitambua mara moja. Waifai ya kamera za zamani ni ya kukupandisha presha: programu zake zinabadilishwa majina, zinaondolewa, na simu mpya zinazikataa.

Kila nikiiwasha inaniuliza tarehe. Imeharibika?

Si lazima. Ndani kuna betri ndogo inayotunza saa, na kamera ikikaa miaka kwenye droo inaisha. Kwenye nyingi, ukiweka betri kubwa yenye chaji na kuiacha humo siku nzima, hiyo ndogo nayo inajaa. Kwenye baadhi ya Canon za A ni kidonge cha CR1220 unachokibadilisha mwenyewe, pale wanapouza betri za saa. Ikikataa kabisa, weka tarehe sahihi kila asubuhi ya siku yenye shughuli, ili picha zikihamia kwenye simu zisijipange zote mwaka 2008.